MTOTO HANYONYI: JE, AKATWE CHINI YA ULIMI?

Somo letu la leo nimeliandika kwa sababu ya wembe mmoja. Wembe huo ulikuwa mpya, bado umo ndani ya karatasi yake. Bibi mmoja alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga alipokuja darasani kwetu hapa Mazimbu. Alikuwa amemsindikiza binti yake, mwanakisomo wetu, aliyekuwa amejifungua wiki tatu kabla ya siku ile.

Siku hiyo tulikuwa na hesabu za kugawanya. Mtoto alikuwa analia kilio chembamba, halafu ananyamaza. Nikamuuliza mama yake, mbona humnyonyeshi?

"Hataki, mwalimu. Tangu jana hashiki ziwa. Mama anasema ulimi umefungwa. Tukitoka hapa tunakwenda kwa fundi akamkate."

Nikamgeukia bibi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjukuu wako alipozaliwa alikuwa ananyonya?"

"Ananyonya sana! Mpaka mama yake alikuwa hapati usingizi. Ni juzi tu ndiyo ulimi umejifunga."

Ndugu msomaji, yasome tena maneno hayo ya bibi, polepole. Jibu lilikuwa limo ndani yake, ila bibi mwenyewe hakujua kuwa amelisema. Tutayarudia.

UZI ULIO CHINI YA ULIMI

Kwanza tujitazame sisi wenyewe. Chukua kioo, fungua kinywa, inua ncha ya ulimi mpaka iguse kaakaa. Chini ya ulimi utaona uzi mwembamba wa nyama unaouunganisha ulimi na sakafu ya kinywa. Sasa vuta mdomo wa juu kwa vidole. Hapo pia upo uzi, unaoshika mdomo kwenye ufizi, juu ya meno mawili ya mbele. Kila mtu anazo nyuzi hizi. Si ugonjwa, wala si laana ya ukoo.

Watoto wengine huzaliwa na uzi wa ulimi ulio mfupi mno, au mnene, au ulioshika karibu sana na ncha ya ulimi. Hali hiyo wengi huiita udata, na wengine husema ulimi umefungwa. Mtoto mwenye udata akilia, ulimi hauinuki vizuri. Akijaribu kuutoa nje, ncha yake hubonyea katikati, ukafanana na picha ya moyo inayochorwa kwenye vitambaa vya meza. Hesabu za wataalamu hutofautiana kwa sababu kila mmoja ana kipimo chake, lakini wengi husema kwamba katika watoto 100 wanaozaliwa, kama 4 hadi 10 huwa na udata, na wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Hapa watu wengi hufanya kosa. Wakiuona uzi, wanasema lazima ukatwe. Sivyo. Watoto wengi wenye udata hunyonya vizuri, hukua, husema na hula ugali kama wenzao. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa taarifa mwaka 2024 kikieleza kwamba chini ya nusu ya watoto wenye dalili za udata ndio wanaopata shida ya kunyonya. Kwa hiyo swali si "Je, uzi upo?" Swali ni "Je, uzi unamzuia mtoto kufanya kazi yake?" Na kazi ya mtoto mchanga ni moja, kunyonya.

MTOTO ANANYONYAJE?

Watu hudhani mtoto huvuta chuchu kama mtu anayevuta soda kwa mrija. La, hasha. Mtoto hufungua kinywa kama anayepiga miayo, huchukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya duara jeusi, halafu ulimi wake hutoka mbele juu ya ufizi wa chini na kulikamua ziwa kwa kupanda na kushuka. Ulimi ukiwa umefungwa sana haufiki mbele. Basi mtoto hushika chuchu peke yake, akaitafuna kwa ufizi. Mama anaumia, maziwa hayatoki ya kutosha, mtoto anachoka, analala na njaa, anaamka akilia.

Dalili zake ni hizi. Mama hupata vidonda vya chuchu visivyopona, na mtoto akiachia ziwa chuchu huonekana imebanwa kama ncha ya kalamu. Mtoto hutoa sauti ya kualika ulimi anaponyonya, huteleza kila mara, hunyonya saa nzima bila kushiba. Uzito hauongezeki. Hili la uzito ndilo shahidi mkubwa, maana halibishani na mtu. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, na akifikisha wiki mbili awe ameurudisha uzito aliozaliwa nao. Baada ya hapo, miezi mitatu ya kwanza, aongeze kama gramu 150 hadi 200 kila wiki. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kuisoma kadi ya kliniki mwenyewe. Usingoje kuambiwa. Itazame ile mistari, uone alama za mtoto wako zinapanda au zimelala.

Lakini chuchu kuuma si ushahidi wa udata. Mara nyingi kosa ni jinsi mtoto anavyopakatwa. Mimi nilijifunza hili kwa machozi.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa na udata. Wiki ya kwanza nilikuwa nikisikia analia chumba cha pili, mwili mzima unanisisimka kwa hofu ya maumivu. Muuguzi mmoja mzee alikuja nyumbani, akakaa nami kitandani, akaniambia, "Mwalimu, wewe unampelekea mtoto ziwa. Mpeleke mtoto kwenye ziwa." Akanionyesha. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama. Kichwa na mgongo viwe katika mstari mmoja, asipinde shingo. Pua ielekee chuchu, umgusishe mdomo wa juu, ungoje mpaka afungue kinywa kikubwa, ndipo umsogeze kwa haraka. Kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ujikunjue nje, na duara jeusi lionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Maumivu yalipungua nusu siku ileile. Nusu!

Nusu iliyobaki haikuondoka. Mtoto alipofika wiki ya tano alikuwa amepita uzito wake wa kuzaliwa kwa gramu chache tu. Nilikuwa nakamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe. Naam, kikombe kidogo kisafi, maana chupa ni ngumu kuisafisha na huleta kuharisha. Hapo daktari alisema sasa kuna sababu ya kukata.

JINSI DAKTARI ANAVYOKATA

Nitaeleza nilichokiona, ili asije mtu akakudanganya kwamba ni upasuaji mkubwa, wala asije mwingine akakuambia ni kazi ya mtu yeyote mwenye wembe.

Kwanza daktari aliuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu ambaye akijikata damu haikomi. Aliuliza kama mtoto alipata sindano ya vitamini K alipozaliwa. Vitamini hiyo husaidia damu kuganda, na mtoto mchanga huzaliwa nayo kidogo sana. Alitazama kinywa chote, pamoja na kaakaa, kuhakikisha halikupasuka. Mtoto akaviringishwa kwa kanga kama mzigo wa mkaa, muuguzi akashika kichwa. Daktari akainua ulimi, uzi ukanyooka, akaukata mara moja kwa mkasi uliochemshwa, mkasi wenye ncha butu. Akabonyeza kwa kitambaa safi cha hospitali. Damu ilikuwa matone machache. Nikapewa mtoto nimnyonyeshe palepale, kwa kuwa kunyonya humtuliza na hubana kidonda. Kazi yote haikuchukua dakika moja. Kungoja foleni kulichukua saa tatu.

Siku zilizofuata palikuwa na alama nyeupe chini ya ulimi. Mama yangu alisema ni usaha, tukwangue. Si usaha, ni kidonda cha kinywani kinavyopona. Usikwangue, usipake chumvi, majivu wala dawa ya miti.

Mtoto mdogo wa wiki chache hukatwa hivyo. Mtoto mkubwa mwenye meno hawezi kutulia, na uzi wake umekuwa mnene wenye mishipa ya damu, kwa hiyo huhitaji dawa ya ganzi au ya usingizi na pengine kushonwa. Hiyo ni kazi ya hospitali yenye daktari wa meno au wa masikio, pua na koo. Wengine nje ya nchi hutumia mwanga mkali wa leza badala ya mkasi. Bei yake ni kubwa, na bado haijathibitishwa kuwa leza ni bora kuliko mkasi.

Je, kukata kunasaidia kweli? Nisiwafiche. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio matano yaliyofanywa kwa watoto 302. Waliona kwamba mama hupata nafuu ya maumivu kwa muda mfupi baada ya mtoto kukatwa. Lakini kuhusu mtoto mwenyewe kunyonya vizuri zaidi, majibu hayakulingana. Basi kukata ni msaada kwa baadhi, si dawa ya kila mtoto anayelia. Dada yangu alijifungua mtoto mwenye uzi uleule wa wangu. Alirekebishiwa kupakata tu. Hakukatwa. Leo mtoto huyo anasema mpaka unamwomba anyamaze.

Tusidhani kwamba kukatakata bila sababu ni tabia ya vijijini peke yake. Huko Marekani, kumbukumbu za hospitali zilionyesha kama watoto 3,900 walioandikwa kuwa na udata mwaka 1997. Mwaka 2012 walizidi 32,000. Ndimi za watoto wa Marekani hazikubadilika katika miaka 15. Kilichobadilika ni macho ya waliozitazama. Na Ulaya ya zamani inasimuliwa kwamba wakunga walikuwa wakifuga ukucha mmoja mrefu wa kukatia uzi wa mtoto alipozaliwa tu.

UZI WA MDOMO WA JUU

Hapa nitapita haraka. Uzi wa mdomo wa juu kwa mtoto mchanga karibu kila mara huonekana mnene na hushuka chini kwenye ufizi. Ndivyo watoto walivyo. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuukata kunasaidia kunyonya, na taarifa ile ya mwaka 2024 haikuunga mkono jambo hilo. Meno ya utoto yakiota na nafasi katikati, wengine huogopa. Nafasi hiyo mara nyingi hujifunga yenyewe meno ya chonge ya ukubwani yanapoota, kwenye miaka 11 au 12. Na isipojifunga, basi mtoto wako ana mwanya! Tangu lini tumeanza kuuona mwanya kuwa ugonjwa? Watu wanaimbiwa kwa ajili ya mwanya.

VIPI KUHUSU KUSEMA?

Wazazi wengi hunijia na mtoto wa miaka miwili au mitatu asiyesema. Wanataka akatwe chini ya ulimi. Udata haumzuii mtoto kujifunza lugha. Unaweza kumfanya atamke vibaya baadhi ya sauti zinazohitaji ncha ya ulimi, kama l, r, t, d, n, s, z, th na dh. Lakini mtoto mwenye udata atasema "mama", "baba", "maji", kwa namna yake. Asiyesema kabisa ana sababu nyingine, na ya kwanza kutazamwa ni masikio. Mtoto asiyesikia hana cha kuiga. Mwite kwa nyuma asikuone, uone kama anageuka. Akifika mwaka na nusu bila neno lolote, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, kama "nipe maji", mpeleke hospitali akapimwe masikio kabla hujaushtaki ulimi.

Kigugumizi nacho hakitokani na udata. Na yule anayesema "kula" akimaanisha "kura" hana udata hata kidogo. Hayo ni mazoea ya lugha aliyolelewa nayo nyumbani, na angekatwa ulimi mara kumi angeendelea kwenda kupiga "kula".

WEMBE NA KIMEO

Sasa nirudi kwenye wembe wa bibi. Mafundi wengi wa kienyeji hawaishii kwenye uzi. Hukata na kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kiitwacho pia kidakatonge. Husema ndicho kinacholeta kikohozi, kutapika na kukataa ziwa. Jambo hili ni la siku nyingi hapa kwetu. Mwaka 1984 liliandikwa katika jarida moja la utabibu wa nchi za joto kama upasuaji wa jadi wa Tanzania. Baadaye likaongezeka la meno ya plastiki, ambapo ufizi wa mtoto anayeharisha huchimbwa ili kung'oa mbegu za meno ya chonge ambayo hayajaota. Bado lipo.

Mimi mwenyewe sina kidakatonge. Nilikatwa kabla sijafikisha mwaka mmoja, kijijini kwetu milimani, kwa sababu nilikuwa nakohoa. Kila nikizungumza habari hizi mama hunikatiza: "Mbona wewe hukufa?" Kweli, sikufa. Lakini waliokufa hawaji darasani kutolewa mfano.

Tufanye hesabu. Mtoto mchanga ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 3 ana mililita ngapi? Zidisha 80 kwa 3, unapata 240. Damu yote ya mwili wake haijazi chupa ya soda. Kwako wewe damu ya kulowesha leso ni jambo dogo. Kwake ni sehemu kubwa ya uhai wake, na akiwa anaimeza hutaiona inavyopungua. Chini ya ulimi ipo mishipa ya damu pembeni mwa ule uzi, na mifereji ya mate. Fundi akikosea kidogo tu ameikata. Halafu kuna pepopunda, kuna vijidudu vya UKIMWI na homa ya ini kwa wembe uliotumika kwa watoto wawili, na kuna usaha wa kooni. Wembe mpya, kama ule wa bibi, huondoa sehemu moja tu ya hatari hizi.

Na ipo hatari nyingine, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote. Ni kuchelewa. Udata huzaliwa na mtoto. Haumjii akiwa na wiki tatu. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri, kisha akaacha ghafla, ulimi wake haujajifunga. Mtoto huyo anaumwa. Kukataa ziwa, kulegea, mwili kuwa wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, degedege, hizo ni dalili za kumkimbiza hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Ndivyo nilivyomweleza bibi, kwa haraka na kwa adabu, huku darasa zima likisikiliza. Hakukubali mara moja. Alisema, "Mwanangu, mimi nimezaa saba." Nikamjibu, "Kweli, bibi, na mimi sijafika hata nusu yako. Lakini wote saba waliacha ziwa ghafla hivi?" Akanyamaza. Kisha akasema mmoja aliacha. Sikumuuliza zaidi, maana uso wake ulinitosha.

Hospitali hatukuwa nayo mbali. Hapa Mazimbu palikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa eneo hili wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini. Walijenga shule, na mwaka 1984 ikafunguliwa hospitali iliyojengwa kwa msaada wa wananchi wa Uholanzi. Mwaka 1992, wakati wa kurudi kwao, waliyakabidhi yote kwa Tanzania, na leo eneo hilo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walio mbali zaidi, huko Mgeta, Kinole au Matombo, waanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wasitembee na mtoto mgonjwa mpaka mjini bila huduma ya kwanza.

Tulipanda bodaboda mbili. Daktari alihesabu pumzi za mtoto, akampima joto, akasema ana maambukizo kwenye damu. Alilazwa, akachomwa sindano kwa siku kadhaa. Siku ya tatu alishika ziwa. Muuguzi alimwinua ulimi bibi akitazama, akamwonyesha uzi mwembamba wa kawaida, kama wangu na wako. Juma lililopita mtoto huyo alitambaa mpaka ubaoni akala chaki. Wembe, bibi anasema, ulimkatia kucha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Mtoto amenyonya vizuri wiki mbili, leo amekataa ziwa. Jirani anasema ni udata. Utamjibu nini, na utafanya nini kwanza?

2. Mtoto alizaliwa na kilo 3. Baada ya wiki mbili ana kilo 2 na gramu 800. Mama ana vidonda vya chuchu. Aende wapi, na muuguzi atazame mambo gani kabla ya kufikiria kukata?

3. Kata karatasi kwa mfano wa kadi ya kliniki. Mtoto wa mwezi mmoja ana kilo 4. Akiongeza gramu 150 kila wiki, baada ya wiki nne atakuwa na uzito gani? Weka alama.

4. Katika ukoo wenu, nani huamua mtoto apelekwe kwa fundi: mama, baba, bibi au mjomba? Mwalikeni kwenye kipindi kijacho, msomeeni somo hili kwa sauti, kisha mwacheni naye aseme.